Taa Nyekundu Ikiwaka, Simama Kwanza

Tulipoambiwa tuje tuzungumze juu ya magari, wengine wetu pale gerejini walicheka wakasema, "Watu wa mbuzi na maziwa wana haja gani na mambo ya injini?" Lakini tukiangalia hapa leo tunaona vikundi vyenye pikapu, vingine vina lori, vingine vina Probox ya kubeba abiria, na ndugu wa mashamba ya kando ya mto Tana wana mashine za kuvuta maji. Gari moja linaweza kuwa ni mali kubwa kuliko mbuzi wote wa kikundi wakiwekwa pamoja. Tena ni mali inayoweza kufa kwa dakika tano huku mmeketi ndani yake.

Hatukuja kuwafanya muwe mafundi. Tunataka mjue kusoma zile taa ndogo zilizo mbele ya dereva, kwenye dashibodi, na mjue jinsi ya kuzungumza na fundi ili asiwauzie kitu msichohitaji. Mtasema sisi ni mafundi na tunajiharibia biashara. Acheni tu, kazi haitaisha.

Tuanze na jambo ambalo linatuuma mpaka leo. Kuna kikundi cha akina mama, jina tutaliacha, waliokuwa wakileta maziwa ya ngamia Garissa mjini kutoka upande wa Balambala. Walikuwa na pikapu ya dizeli waliyoinunua kwa mkopo. Siku moja ilikuja kwetu kubadilishwa oili na chujio la oili. Ni kazi ndogo, haizidi saa moja. Siku ya nne asubuhi, wakiwa njiani na madebe ya maziwa nyuma, ile taa nyekundu yenye picha ya birika ikawaka kwenye kona, ikazima. Dereva akasema, "Taa ya oili imewaka." Mmoja wa waliokaa mbele akamjibu, "Twende tu. Jua likipanda maziwa yataharibika. Tutaangalia tukifika." Dereva ni kijana, wale ni mama zake kwa umri, na gari ni yao. Akaenda. Taa ikawaka tena na safari hii haikuzima. Walipopita kama kilomita saba injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo, halafu ikashika. Imenoki. Watu kumi na mmoja, mtungi mmoja wa maji wa lita ishirini, na mti mmoja wa mgunga. Lori la kwanza lilipita saa kumi jioni. Maziwa yalimwagwa.

Gari ilipokokotwa mpaka kwetu tukaifungua, na tulichokiona kilitunyamazisha. Chujio la zamani lilipotolewa siku ile, mpira wake wa duara ulibaki umeganda kwenye injini. Fundi wetu hakuuona. Akafunga chujio jipya lenye mpira wake juu ya ule wa zamani. Mipira miwili haikai. Siku chache inashikilia, kisha presha ya oili inausukuma mmoja nje, na oili yote inamwagika njiani. Kosa lilikuwa letu, na tulilikubali mbele ya kikundi kizima. Kazi ya mikono tuliifanya bure, lakini krankishafti ilikuwa imekwaruzika, na spea hainunuliwi kwa kuomba radhi. Kikundi kilikaa miezi saba bila gari huku mkopo ukiendelea kulipwa. Wanachama wengine walijitoa, na hatuwezi kuwalaumu.

Tangu siku ile, kwetu, mwenye gari huonyeshwa chujio la zamani likiwa na mpira wake kabla jipya halijafungwa. Nanyi dai jambo hilo popote mnapobadilisha oili. Fundi mzuri hataona vibaya.

Lakini tuseme na upande wa pili wa ukweli. Kama dereva angezima injini mara ya kwanza taa ilipowaka pale kwenye kona, hasara ingekuwa ni oili na kipande cha mpira. Injini iliuawa na zile kilomita saba.

Rangi za taa

Waliotengeneza magari walifuata utaratibu wa mataa ya barabarani. Nyekundu maana yake simama. Ya njano, au rangi ya machungwa, maana yake kuna jambo, nenda polepole mpaka kwa fundi. Ya kijani au buluu inasema tu kwamba kitu fulani kimewashwa, kama taa kubwa za mbele. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja anaweza kufuata hayo, na tumewahi kuona mama mmoja abiria aliyemwokoa dereva kwa kumwuliza tu, "Hiyo nyekundu ni ya nini?"

Taa ya birika ndiyo mfalme wa taa zote. Watu wengi wanafikiri inasema oili imepungua. Haisemi hivyo. Inasema presha ya oili imeanguka, yaani oili haisukumwi kwenda kwenye vyuma vinavyozunguka. Oili ndiyo inayotenganisha chuma na chuma. Ikikosekana, chuma kinasagana na chuma, kinapata moto, kinashikana. Kwa hiyo ikiwaka mkiwa mwendoni, egesheni pembeni, zimeni injini papo hapo, msiiache ikinguruma huku mkijadiliana. Subirini dakika chache oili ishuke, kisha chomoeni kijiti cha kupimia, kifuteni, kirudisheni, kitoeni tena mtazame. Kama oili iko chini ya alama ya chini, ongezeni. Washeni. Taa isipozima kwa muda mfupi wa kuhesabu hadi tano, zimeni tena, na hapo ni kukokotwa. Ndiyo, kukokotwa kutoka Balambala ni ghali. Injini ni ghali zaidi.

Na kama oili imejaa vizuri lakini taa inawaka? Hapo ndipo kazi ya mtaalamu inapoanza. Huenda pampu ya oili imechoka, huenda ni swichi ndogo ya taa yenyewe imeharibika, na swichi hiyo bei yake ni ndogo. Kwa kuangalia tu hakuna anayeweza kujua. Fundi anayejua kazi anaitoa ile swichi, anafunga mahali pake kipimo cha presha chenye mshale, anawasha injini na kusoma. Akikuambia "nunua pampu" kabla hajapima, mwambie apime kwanza.

Mkichomoa kile kijiti, tazameni pia rangi. Oili nyeusi si ajabu, hasa kwenye dizeli. Lakini ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, basi maji yameingia ndani ya oili, mara nyingi kwa sababu gaskiti ya hedi imeungua. Gari hiyo isiwashwe tena. Vilevile maji ya mafuriko. Mnakumbuka mto Tana ulivyofunika barabara pale Kona Punda, kati ya Garissa na Madogo, Novemba 2023 na tena Aprili 2024. Gari iliyozimika ndani ya maji, usiiwashe stata hata mara moja. Kama maji yamefika ndani ya silinda, pistoni inakutana nayo, na maji hayakandamiziki kama hewa. Kinachopinda ni chuma. Magari mengi huuawa si na mafuriko bali na mwenyewe kujaribu kuwasha "tuone kama itaitika".

Joto la kwetu

Sasa mshale wa joto, au ile taa nyekundu yenye picha kama ya kipimajoto ndani ya maji. Hapa kwetu jua lenyewe ni mzigo. Siku nyingi Garissa inapita nyuzi 35 kivulini, na redieta inategemea hewa hiyohiyo ya moto kupoza injini. Ongezeni mchanga wa njia ya kwenda Dadaab, ambapo gari inasukuma kwa gia ya chini na upepo haupiti vizuri. Gari iliyokuwa haina neno kule Nyeri inaweza kuchemka hapa siku ya kwanza.

Mshale ukipanda kuelekea nyekundu, zimeni kipoza hewa kama kipo, na mtatucheka, lakini fungueni ile hita ya kupasha moto ndani ya gari mpaka mwisho. Mtaungua jasho, ila inavuta joto kutoka kwenye injini, na inaweza kuwafikisha mahali pazuri pa kusimama. Mkisimama, msifungue kifuniko cha redieta. Maji yaliyofungiwa ndani kwa presha yanapita joto la kawaida la kuchemka, na kifuniko kikifunguliwa yanaruka juu usoni. Tumeona mikono na nyuso zilizoungua namna hiyo. Subirini nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa redieta ukaweza kushikwa kwa mkono. Kisha tumieni kitambaa kinene, fungueni kidogo kidogo. Na msimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Hedi inaweza kupasuka.

Kuna jambo la maji yenyewe, ambalo mafundi wa Nairobi hawalijui kama sisi. Visima vya sehemu nyingi za kwetu vina chumvi. Walio juu ya ile hazina ya maji ya chini ya ardhi inayoitwa Merti, kama Habaswein na Dadaab, wana bahati ya maji mazuri, lakini ukitoka pembeni ya hazina hiyo ladha inabadilika. Maji ambayo ngamia anakunywa akilalamika, redieta hailalamiki, inaziba tu. Chumvi na chokaa vinaganda ndani ya vile vijia vyembamba kama vinavyoganda ndani ya birika la jikoni, na ndani ya injini kutu inaanza kula. Baada ya mwaka gari inachemka, mnabadilisha thamostati, mnabadilisha pampu ya maji, bado inachemka. Tieni maji ya mvua yaliyochujwa au, bora zaidi, yale maji ya rangi ya redieta yanayouzwa dukani. Kibuyu kimoja cha maji safi ya gari kiwe nyuma daima, na watu wasikiguse isipokuwa maisha yao yakiwa hatarini.

Taa mbili zikisemezana

Mara nyingine jibu halipo kwenye taa moja bali kwenye mbili. Taa nyekundu ya betri ikiwaka mkiwa mwendoni, haisemi betri ni mbovu. Inasema altaneta haichaji. Mnaweza kwenda kidogo kwa nguvu iliyobaki kwenye betri, mkizima redio na kila kitu. Lakini kwanza tupieni jicho mshale wa joto. Taa ya betri ikiwa imewaka na mshale nao unapanda, basi fanibelti imekatika, kwa maana katika injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha altaneta na pampu ya maji pamoja. Hapo hakuna kwenda hata kilomita moja. Na katika dizeli nyingi za zamani za Toyota, ile pampu ndogo inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe. Haijakufa, lakini inataka mguu wa nguvu. Dereva asiyejua anashtuka mteremkoni. Mkanda wa akiba na spana yake vikae chini ya kiti, hata kama mwekahazina atanung'unika.

Taa nyekundu ya breki, tazameni kwanza kama breki ya mkono imeachwa juu. Kama imeshushwa na taa bado inawaka, maji ya breki yamepungua, na hayapungui bila sababu: yanavuja, au breki zimekwisha. Msipakie watu. Ile ya njano ya ABS pekee yake si hatari ya papo hapo, breki za kawaida bado zinafanya kazi.

Kwa wenye dizeli kuna taa nyingine ambayo tunaipenda sana kwa sababu inaokoa pesa nyingi na hakuna anayeijali. Ni ile inayosema kuna maji kwenye chujio la dizeli. Sisi hapa, nje ya mji, tunanunua dizeli ya mapipa na mitungi. Pipa limekaa nje, usiku linapata unyevu, mvua inaingia juu ya kifuniko, na mtungi jana ulibeba maji ya kunywa. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na ndiyo yanayovutwa kwanza. Yakifika kwenye pampu na nozeli, yanatia kutu vyuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa kupita unywele. Taa hiyo ikiwaka, chini ya chujio kuna skrubu ya kulegeza kwa mkono. Legezeni, maji yatoke mpaka dizeli safi ije, kazeni. Kazi imekwisha, na haina gharama.

Halafu kuna wale wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ya uchanganyaji huo, lakini tusijidanganye kwamba mchezo ulikwisha kabisa. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu yake yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu. Gari inakwenda, mnaona mmeokoa pesa kidogo, na baada ya miezi pampu inapelekwa Nairobi.

Wenye Land Cruiser na Hilux za dizeli za zamani wanajua pia ile taa yenye maneno T-BELT. Huwaka gari ikifika kilomita 100,000, kukumbusha kwamba mkanda wa ndani ya injini ubadilishwe. Ukikatika, vali na pistoni zinagongana. Lakini taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na wapo wanaofanya hivyo kabla ya kuuza. Ombeni muone mkanda wa zamani mkononi.

Ile ya njano yenye picha ya injini

Hii ndiyo inayoleta ugomvi mwingi siku hizi. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, kwa hiyo magari yanayokuja kutoka Japani yote yana kompyuta ndani. Kompyuta hiyo inasikiliza vifaa vidogo vinavyoitwa sensa: moja inapima hewa inayoingia, ingine joto la maji, ingine moshi unaotoka. Mambo yasipolingana inawasha taa ya injini na kuandika namba ndani yake. Ikiwaka bila kupepesa, gari ikienda vizuri, endeni polepole mpaka kwa fundi. Ikipepesa, maana yake silinda moja au zaidi haichomi, punguzeni mwendo, msiipakie wala kuivuta sana, na simameni mkipata nafasi.

Zamani, kwenye Toyota za kabla ya 1996 hivi, tulikuwa tunaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, yale yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha tunahesabu taa inavyopepesa. Siku hizi chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Fundi anachomeka kifaa cha kusoma, na namba inakuja, kama vile P0171. Kifaa kidogo cha kuchomeka na kusomea kwenye simu kinapatikana kwa bei isiyofika ya mbuzi, na kikundi chenye gari kinaweza kuwa nacho.

Lakini hapa sikilizeni vizuri. Ile namba si jina la spea. Ni malalamiko. Ni kama mtoto anayelia akishika tumbo. Mama hakimbilii kununua tumbo jipya.

Kikundi kimoja cha vijana wenye Probox walikuja kwetu wakiwa wamechoka. Taa ilikuwa imewaka, wakaenda mahali fulani mjini, mashine ikasema P0171. Namba hiyo maana yake ni kwamba hewa ni nyingi kuliko mafuta. Wakaambiwa sensa ya moshi ni mbovu. Wakainunua. Taa ikazimwa kwa mashine, wakashangilia, siku ya pili ikarudi. Wakaambiwa basi ni sensa ya hewa. Wakaichangia nayo. Ikarudi tena. Walipofika kwetu tuliomba tu waizime gari ipoe, tukashika ule mpira mnene unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio mpaka kwenye injini, tukaukunja. Chini yake, upande usioonekana, ulikuwa umepasuka kama kidole kizima. Hewa iliyoingia hapo ilikuwa haijapita kwenye sensa, kompyuta haikujua habari zake. Njia zetu zinatikisa, joto linakausha mipira, ndiyo maana. Mpira mmoja wa mtumba, na taa haijarudi. Sensa zao mbili za zamani hazikuwa na neno, na kwa bahati mbaya walikuwa wameziacha kule.

Ndiyo maana tunasema rudini na kila kitu cha zamani kilichotolewa kwenye gari yenu. Ni mali ya kikundi, hata kama ni chuma chakavu.

Msikubali pia mtu afute ile namba kabla ya kuiandika. Wengine wanachomoa waya wa betri taa izime, wanasema imepona. Ikifutwa, inapotea pamoja na kumbukumbu nyingine ambazo kompyuta imeziweka: injini ilikuwa na joto gani, mwendo gani, wakati shida ilipotokea. Ni kama kumwosha mgonjwa damu kabla daktari hajaona jeraha liko wapi. Iandikeni namba kwenye daftari ya gari, tarehe na kilomita.

Na kabla ya mashine yoyote, chujio la hewa. Kwa vumbi letu, msifuate kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha Japani. Fungueni mtazame. Likiwa limejaa, injini inakosa pumzi, dizeli inatoa moshi mweusi, petroli inakunywa mafuta. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, na maji ya redieta yanapungua, hiyo ni hedi. Mnaona, hata bila kompyuta gari inasema. Mashine za maji kule shambani hazina taa nyingi, kwa hiyo masikio na pua ndiyo dashibodi yenu.

Mkienda kwa fundi mtaalamu

Kuna kazi tunazozifanya Garissa na kuna ambazo hatuzifanyi. Pampu ya dizeli na nozeli, kwa mfano, zinapimwa juu ya meza maalum, na sisi hatuna meza hiyo. Zinakwenda Nairobi, karibu kilomita 370, ambako kuna mafundi wasiofanya kitu kingine isipokuwa pampu. Spea pia, wengi wetu tunazitafuta Kirinyaga Road, na kule ukifika bila namba ya injini utauziwa kinachofanana.

Kwa hiyo atumwe dereva mwenyewe, asitumwe mtu mwingine kwa sababu eti ana shughuli mjini. Dereva ndiye aliyesikia. Na asimwambie fundi "badilisha altaneta". Aseme alichoona: taa ya betri inawaka nikiwasha taa kubwa usiku. Aseme ilianza lini, kama ni injini ikiwa baridi au ikiwa moto, taa gani ilitangulia, na ni kazi gani ilifanywa kwenye gari mara ya mwisho. Hilo la mwisho watu hulificha kwa aibu, na ndilo linalofaa kuliko yote. Akina mama wa maziwa wangepita kwetu siku ya pili wakasema "tuliona tone la oili chini asubuhi", tungeuona ule mpira.

Lipeni ada ya kupima bila kunung'unika, na iwe mbali na bei ya kurekebisha. Fundi asiyelipwa kwa kupima atajilipa kwa kuwauzia spea.

Tunaomba jambo moja liingie kwenye kitabu cha mikutano ya kikundi, lipitishwe na kutiwa sahihi. Taa nyekundu ikiwaka, dereva ana ruhusa ya kuzima gari, na hakuna mwanachama, wala mwenyekiti, wala mzee mwenye haraka ya kuwahi msiba, anayeweza kumwamuru aendelee. Kijana wa Balambala alituambia, "Nilijua. Lakini ningesema nini?" Sasa hivi anaendesha gari la watu wengine.

Tumeongea vya kutosha, na chai iko tayari. Lakini kabla ya chai tutoke nje. Pikapu ya kikundi cha hapa iko pale chini ya mwarobaini. Dereva atafungua ufunguo hatua ya pili bila kuwasha injini, na hapo taa nyingi zinatakiwa kuwaka zote pamoja, birika, betri, injini. Kisha akiwasha, zizime. Taa ambayo haiwaki kabisa kwenye ufunguo, huenda glopu imeungua, au mtu aliitoa makusudi ili auze gari bila maswali. Kila mmoja aje akae kwenye kiti cha dereva, ageuze ufunguo, ahesabu. Akina mama waanze.